Kodi Inaingia, Je Asubuhi Unaamkia Nini?

Mwezi wa tatu baada ya kuacha kazi nilikuwa nazijua tuktuk zote za Maweni kwa milio yake. Si mzaha. Nakaa barazani kuanzia saa moja na nusu, mahamri na mbaazi nshamaliza, simu nshaitazama mpaka imechoka yenyewe, na hapo bado ni saa tatu. Pesa haikuwa shida, wapangaji wanalipa, ile riba ya serikali inaingia kila miezi sita, lakini ikifika saa tano najiskia kama mzigo ulioshushwa stendi na mwenyewe hajaja kuuchukua.

Miaka 19 nilikuwa karani wa hesabu kwenye hoteli moja hapa Malindi, na miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu siku nikifika hesabu yangu naacha, nanunua boti, navua, basi. Nilifika nikiwa na miaka 48. Sasa nikakuta nimejua vizuri sana nakimbia kutoka wapi, lakini naenda wapi sikuwa nimefikiria hata kwa dakika kumi.

Kwa hivo huu sio mwongozo wa kutafuta pesa, miongozo ya pesa mnayo mingi. Huu ni wa yule ambaye zimetosha au zinakaribia, na pia yule ambaye bado miaka 15 na kila akiulizwa anasema "nikistaafu n'tafanya". Huyo wa pili ndiye namtaka zaidi, manake huyo bado ana muda wa kuanza vizuri.

Hatua ya 1: andika "inatosha" kwa tarakimu

Chukua daftari, la mkono, usiweke kichwani. Miezi mitatu andika kila kinachotoka, unga, gesi, tokeni za stima, fizi za skuli, boda, dawa za mama, na michango ya harusi na matanga, hapo usijidanganye, sisi watu wa pwani tunaweza kula mkate mkavu wiki nzima lakini mchango wa harusi lazima utoke.

Yangu ilikuja shilingi 41,000 kwa mwezi. Nina vyumba 12 vya kupangisha, 4,500 kila kimoja kwa mwezi, ukizidisha haraka haraka unapata 54,000 na unaanza kutembea kifua mbele. Kosa ndio hilo. Malindi hii baada ya Pasaka watalii wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa, vijana wanarudi kwao na chumba kinabaki na kufuli. Mimi nahesabu viwili vitupu mwaka mzima, inabaki 45,000, alafu natoa maji, mabati, kuvuta choo, rangi, inabaki kama 36,000. Pengo la 5,000. Hilo nililiziba na bondi ya serikali ya miaka 15, yani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, nusu milioni kwa asilimia 13 kwa mwaka, ukitoa kodi ya serikali ya asilimia 10 ya hiyo riba unabaki na 58,500 kwa mwaka, ukigawanya ni 4,875 kwa mwezi. Bondi za kawaida zinaanzia 50,000 na siku hizi unaomba kwa simu yako kupitia DhowCSD, mtandao wa Benki Kuu wa kununulia bondi, usilipe mtu akupelekee fomu, jamani. Asilimia inabadilika kila mnada wa bondi, kwa hivo usichukue 13 yangu ukapangia maisha yako.

Utakutana pia na ile hesabu ya mara 25, ati zidisha matumizi yako ya mwaka mara 25, ukiwa nazo umemaliza safari. Inatokana na mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyeandika mwaka 1994 kwamba mtu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, alafu akiongeza kila mwaka kulingana na bei za vitu, pesa zingemfikisha kama miaka 30. Asilimia 4 ni fungu moja kati ya 25, ndio ile mara 25. Kama kipimo cha macho ni kizuri. Lakini yeye alipima na hisa na bondi za Marekani, hakupima na ploti ya Maweni ambayo choo kimejaa siku ya Idi.

Mambo mawili ya kukumbuka: NSSF, ule mfuko wa kustaafu, usiitie kwenye hesabu ya leo, ile ni ukifika 60, au 50 kama ushaacha kazi. Na SHA, bima ya afya ya serikali, itie kwenye matumizi, manake ukishatoka kazini hakuna bosi wa kukukata, unajilipia mwenyewe na siku utakayosahau ndio siku mtoto ataanguka mwembeni.

Ukishapata tarakimu yako, funga daftari. Najua watu watatu mtaani kwetu ambao inawatosha tangu zamani na bado wanasema "nimalizie chumba kimoja tu". Wanaogopa kukaa barazani kama nilivyokaa mimi, sasa wanaendelea kujenga.

Hapa nina kisa kidogo, kitanifaa. Ukienda kaskazini ya Malindi, Ngomeni, baharini kuna ile mitambo ya Wataliano, wazee wetu wanakumbuka roketi zikiruka. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Wamarekani kutoka pale, na kwa sababu ilikuwa siku yetu ya uhuru ikaitwa Uhuru, jina la Kiswahili kabisa. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta mionzi ya eksirei kwenye nyota peke yake. Watu wa Ngomeni waliona moshi na kelele, wakasema mambo yamekwisha. Kumbe kazi ndio ilikuwa inaanza, ilifanya kazi mpaka Machi 1973 na orodha yake ikafika vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Mimi nilikuwa Uhuru iliyorushwa bila kuwekewa chombo chochote cha kupimia, nazunguka tu.

Hatua ya 2: jiulize nani atakuulizia usipotokea

Watu wanaambiwa "tafuta unachokipenda". Mimi ilinishinda, napenda samaki wa kupaka na kulala mchana, tukafuata hiyo tutafika wapi? Swali lililonisaidia lilitoka kwa mke wangu, na hakulisema kwa upole. Nilikuwa nimesimama jikoni namwelekeza jinsi ya kukuna nazi, miaka 22 anakuna nazi huyu, akaweka mbuzi chini, akaniambia: "Baba watoto, wewe hukustaafu, umehamia jikoni kwangu. Huko nje hakuna mtu anayekungoja?"

Hakukuwa. Kazini, pamoja na maudhi yake yote, nilikuwa nangojewa. Nikichelewa dakika 20 mtu wa stoo anapiga simu, karani uko wapi, gari la samaki limefika. Ukiacha kazi mshahara unaweza kuuziba na kodi, lakini kule kungojewa hakuna bondi inayolipa. Na hili ndilo nimekuja kuamini kuliko yote, unachokitafuta ni mahali pengine ambapo usipotokea mtu atauliza "fulani yuwapi leo?"

Basi chora mistari miwili kwenye karatasi. Upande mmoja andika mahali pote unapongojewa saa hii, upande wa pili andika ni wangapi watabaki siku ukiacha kazi. Mimi walibaki wawili, imamu na fundi wa maji.

Na angalia sana usikope ndoto ya mtu mwingine. Sisi hapa tumekua tukiwatazama Wataliano waliokuja kustaafu, nyumba nyeupe, kahawa kikombe kidogo, bahari mbele. Picha nzuri. Lakini nimefanya nao kazi miaka mingi, nakwambia mzee mmoja wao mwaka wa kwanza alikuwa ufuoni kila siku, mwaka wa pili akawa hataki hata kuitazama bahari, amekonda kwa kuchoka kupumzika. Alipona alipoanza kutengeneza mashini za boti za wavuvi, mikono imejaa grisi, anagombana kwa Kiswahili kibovu kuhusu spea. Saa hii huwezi kumpata hata kwa miadi.

Hatua ya 3: onja kabla ya kununua sufuria nzima

Hii ndio hatua iliyoniokoa pesa, nitakaa nayo kidogo.

Nilikuwa tayari kutoa 400,000 kununua boti na mashini yake. Rafiki yangu akanivuta sikio, akasema kabla hujanunua hebu toka na nahodha siku moja tu, utie petroli. Nikatoa 800 ya petroli. Tukatoka alfajiri, giza bado, kaskazi imetulia, bahari kama mafuta, nikajiambia ndio haya maisha. Jua lilipotoka tukafika nje ya miamba, chombo kikaanza kwenda juu chini juu chini, na harufu ya chambo, na mimi nshakunywa chai ya maziwa. Nilitapika mpaka nahodha akaacha kucheka akaanza kuniombea. Saa nne nzima nimelala chini kati ya madumu, naona tu mbingu na miguu ya watu.

Kwa hivo ndoto ya miaka 19 ilikufa kwa shilingi 800. Rahisi sana.

Lakini tuliporudi, na hapa ndio utamu wenyewe, siwezi kwenda nyumbani bado dunia inazunguka, nikakaa chini ya mti pale wanaposhonea nyavu. Kulikuwa na mzee, shikamoo mzee, marahaba, akanitazama rangi yangu akanipa tangawizi. Alikuwa na nyavu imechanika tundu la kuingia mtu. Mkono wa kulia sindano ya nyavu imejaa uzi, mkono wa kushoto kibao kidogo cha mbao upana wa vidole vitatu, uzi unazunguka kibao, unapita juu, fundo linakazwa kwa kidole gumba, jicho moja limekamilika, kibao kinasogea. Yale macho yote yanatoka sawa kwa sababu ya kile kibao. Mimi karani bwana, miaka 19 kazi yangu ilikuwa kuhakikisha safu zinalingana, nikatazama vile vijicho vinalingana mpaka adhana ya adhuhuri ikanishtua. Sikuwa nimeshika simu hata mara moja.

Kesho yake nikarudi, akanipa kona moja mbovu nijaribu. Akaitazama kazi yangu akasema: "Karani, jicho hili samaki changu atapita na mke wake na wageni wa harusi." Akakata yote, nikaanza upya.

Kwa hivo onja. Unataka kufungua mkahawa ukistaafu? Mwezi mmoja uza viazi vya karai kila Ijumaa mbele ya nyumba yako, uone kama utayapenda yale mafuta saa kumi jioni. Unataka kufundisha watoto? Omba madrasa au skuli ya karibu darasa moja kwa wiki. Unataka kuishi Watamu? Panga chumba wiki mbili mwezi wa tano mvua inanyesha, usiende Disemba kila kitu kinang'aa. Weka bei ya kuonja isizidi matumizi yako ya siku mbili, na baada ya kuonja jiulize kitu kimoja tu, ni sehemu gani ya siku hiyo nilisahau saa? Mara nyingine sio ile uliyoendea.

Hatua ya 4: vinavyochelewa kuiva vianze leo

Marehemu baba alikuwa dereva wa serikali, akastaafu na miaka 55 kama ilivyokuwa kabla serikali haijapandisha hadi 60 mwaka 2009. Ndoto yake ilikuwa minazi. Alipanda miche 30 akiwa na 57. Mnazi wetu huu mrefu wa pwani unachukua miaka 6 hadi 8 kuanza kuzaa, na yeye hakufika. Madafu yale tunakunywa sisi.

Sina nia ya kukuliza, nataka upige hesabu. Ukingoja 60 ndio upande, dafu la kwanza utalinywa ukikaribia 68 na aliyekupandia juu kuliangua ni mjukuu wa jirani. Ukipanda leo na miaka 40 bado uko kazini, siku ukiacha kazi unakuta shamba linakungoja. Na mche wa mnazi hauna haja na wewe kila siku, unataka wikendi mbili kwa mwezi.

Kama ndoto yako ni shamba, haya ndio ya kufanya. Kwanza ardhi, pwani yetu unajua wenyewe, fanya sachi ofisi ya ardhi, ujue hati ni ya nani, kabla hujatoa hata senti, na uliza majirani pia, sio karatasi peke yake. Pili nafasi, minazi mita 9 kwa 9, ekari moja inakaa kama 50, katikati unapanda muhogo na kunde miaka ya mwanzo kabla kivuli hakijafunga. Tatu wakati, chimba mashimo mapema uchanganye na samadi yakae, masika ikishika kuanzia Aprili unatia miche. Nne changanya na kinachowahi, embe apple ya kupandikiza inaanza kukupa baada ya miaka 3 au 4, hiyo itakuzuia usikate tamaa. Mbawakawa wanaotoboa kilele cha mnazi usiwachekee, safisha magogo na takataka zinazooza karibu, wanazaliana humo.

Lakini sio miti tu inayochelewa. Mkono wangu wa nyavu ulichukua karibu mwaka mpaka mzee akaacha kukata. Magoti nayo, ukitaka kutembea msitu wa Arabuko-Sokoke kutazama ndege ukiwa na 65 magoti hayo unayatengeneza sasa, tembea kwenda kazini, shuka boda stendi moja kabla. Na watu, watu ndio wanachelewa kuliko mnazi. Huwezi kufika kijiweni na miaka 60 ukatarajia kungojewa siku ya pili.

Hatua ya 5: siku moja, na iwe na wenyewe

Chagua siku moja kwa wiki, au nusu siku kama uko kazini. Alafu, hii ni muhimu, mwambie mtu mwingine kwamba utakuja. Usijiahidi mwenyewe, ahadi ya mtu na nafsi yake haina shahidi. Mimi ni Jumanne, na kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka, ikivuma vyombo vidogo vinakaa nchi kavu nyavu nyingi zinaletwa, basi nakwenda na Alhamisi pia.

Tatizo litakuja kutoka kwa ndugu. Ukoo ukishajua huna kazi, wewe ndio dereva wa maiti, mweka hazina wa kila harusi, msindikizaji wa shangazi hospitali. Mimi grupu za WhatsApp zilifika 14. Sikwambii ukatae ndugu, mtu akatae ndugu aende wapi, nakwambia uwape siku zao. Nilisema wazi, Jumatatu na Jumatano nipo, nitumeni popote, Jumanne hata kama ni bwana arusi mwenyewe nina kazi. Walinuna wiki mbili. Shangazi mmoja bado amenuna.

Na mke au mume kaa naye mapema muulize ndoto yake pia, usimtangazie yako tu. Mke wangu kumbe alikuwa anataka kushona mashera ya maharusi, hajasema kwa sababu mimi ndio nilikuwa naongea kila siku habari ya boti. Ile 400,000 ya boti, 60,000 yake ikanunua mashini ya kudarizi, na saa hii yeye ndiye anayengojewa kuliko mimi.

Hatua ya 6: usiruke kutoka kazini, shuka ngazi

Fupi: kama bosi anaelewa, omba siku nne badala ya tano, au mkataba wa msimu tu, Julai na Agosti alafu Disemba mpaka Machi ambapo hoteli zinahitaji watu. Tumia livu yako kuishi wiki mbili kama mstaafu kamili, bila kusafiri popote, hapo hapo nyumbani, uone saa tano inafikaje. Ningefanya hivi nisingezijua tuktuk kwa milio.

Hatua ya 7: kila mwisho wa kusi, tupa kimoja

Mara moja kwa mwaka kaa na lile daftari. Tarakimu bado inatosha? Bei zimepanda, wapangaji wamepungua, rekebisha. Alafu tazama vitu vyote ulivyoanza, kile unachokwenda kwa sababu ya haya tu, kitoe. Ukiwa na ndoto nne kwa pamoja utakuwa umejiandikia kazi nyingine bila mshahara, na hiyo najua watu wameifanya, wanakimbia kutoka kamati hii kwenda ile wanatoka jasho kuliko enzi za ofisi.

Mimi cha kwanza nilitupa Kitaliano. Nilijiambia mtu wa Malindi kustaafu bila Kitaliano ni aibu, nikanunua daftari, nikatafuta kijana wa ufuoni anifundishe kwa 200 kila darasa, salamu nikashika, samaki nikashika, bei ndio kabisa. Wiki ya tano tukafika kwenye vitenzi vinavyobadilika kila mtu na chake, nikamlipa kijana, nikamshukuru, daftari nikampa binti yangu wa mwisho achoree.